Uzi maalumu: Jim Bridger, mtegaji wa biva na mwongoza njia wa Milima ya Rocky. Yapi ya kweli, yapi yametiwa chumvi?

Kisu Butu

Wakuu, kila tukianza kuzungumzia wale wanaume wa milimani wa Marekani ya karne ya 19, mjadala unaishia kwenye dubu na mishale. Leo tumchukue mmoja, Jim Bridger, na tuanze na kazi iliyokuwa inamlisha. Bila kujua mtego wa biva unategwaje, hizi hadithi zake huna pa kuzipimia.

Wasifu kidogo. Alizaliwa Richmond, Virginia, 17 Machi 1804. Familia ikahamia jirani na St. Louis, wazazi wakafariki angali mtoto, akapelekwa kwa mhunzi kujifunza kazi. Shule hakuiona, na maisha yake yote alitia sahihi kwa alama ya X. Februari 1822 likatoka tangazo gazetini pale St. Louis: William Ashley, mfanyabiashara wa ngozi, anatafuta vijana 100 wa kupanda mto Missouri hadi chanzo chake, ajira ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Bridger, ndiyo kwanza anafikisha miaka 18, akaingia.

Sasa kazi. Biva ni mnyama wa majini mwenye meno ya kukatia miti na mkia bapa, anajenga mabwawa mtoni. Mtego wake ni wa chuma, ratili 5 hivi (kilo mbili na ushee): taya mbili, springi mbili za bapa, kisahani katikati ambacho ndicho kifyatulio, na mnyororo wa kama futi 5 wenye pete mwishoni. Mtu mmoja alitembea na mitego 5 au 6 kwenye mfuko wa ngozi.

Unatega jioni. Unaingia mtoni mbali na pale unapokusudia, kisha unatembea ndani ya maji mpaka ufike, kwa sababu ukikanyaga ukingo harufu yako inabaki pale usiku kucha. Unatafuta mahali biva anapopandia, panakuwa na mtelezo wa tope unaong'aa. Chini ya maji unachonga kikalio cha mtego, kisahani kikae kina cha upana wa kiganja. Mnyororo unauvuta kuelekea kwenye kina, unapitisha mti kwenye pete yake na kuupigilia mti huo chini. Mti uwe mkavu. Ukiweka mbichi, biva anautafuna kama chakula chake cha kila siku na anaondoka na mtego wako.

Chambo ni kijiti kilichochovywa kwenye majimaji ya tezi zilizo chini ya mkia wa biva, wategaji waliyaita "dawa" na kuyabeba kwenye kichupa cha pembe au mti. Kijiti unakichomeka ukingoni, ncha yake ining'inie juu ya mtego. Biva hulinda eneo lake, akinusa mgeni lazima aje kuchunguza. Akinaswa anakimbilia kwenye kina kwa silika, uzito wa chuma unamshikilia chini, anaishiwa pumzi huko huko.

Yanayoharibika: mtego ukiwa juu sana unamnasa mguu wa mbele, nao ni mwembamba, anauzungusha mpaka unakatika na yeye anaenda zake. Mti wa mnyororo ukiwa karibu mno na ukingo, anapanda nchi kavu badala ya kuzama, matokeo ni yale yale. Na mtegaji mwenyewe yuko kwenye maji ya theluji hadi mapajani, Oktoba, kila jioni na kila alfajiri. Baridi yabisi ya viungo ilikuwa ugonjwa wao wa kazi.

Chuma Chakavu

Shukrani mkuu, hii ndiyo sehemu watu wanairuka. Naomba uongeze ngozi ilitunzwaje na iliuzwa bei gani, maana wengi wanadhani hawa jamaa walitajirika.

Kisu Butu

Ngozi inapasuliwa tumboni, inafungwa kwenye duara la fito laini kwa kamba, nyama na mafuta yanakwanguliwa, inaanikwa juani siku moja au mbili. Ikikauka inakunjwa manyoya yakiwa ndani. Ngozi moja kavu ni kama ratili moja na nusu. Ngozi 60 hivi zinabanwa kuwa mtumba mmoja wa ratili karibu 90, na nyumbu mmoja hubeba mitumba miwili. Mafuta yakiachwa, ngozi inaoza ndani ya mtumba na unagundua St. Louis mbele ya mnunuzi.

Msimu ni miwili: vuli mpaka mito igande, na masika barafu inapoyeyuka. Kiangazi manyoya ni mepesi, hayana soko. Kilichotakiwa Ulaya na miji ya mashariki ni sufi fupi ya chini, ile yenye vijino vidogo vinavyoshikana ikipigwa, ikawa kitambaa kigumu cha kutengenezea kofia.

Kuhusu utajiri: kuanzia 1825 hadi 1840 kulikuwa na soko la kiangazi huko huko milimani, mahali panabadilika kila mwaka. Mtegaji huru alipata kama dola 3 kwa ratili, St. Louis ratili hiyo hiyo ikafika dola 5. Lakini kahawa na sukari aliuziwa kwa takribani dola 1.50 kila ratili, tumbaku dola 3. Mwaka huo wa 1825 Ashley alirudi na karibu ratili 9,000 za ngozi. Tajiri ni yeye. Aliyesimama kwenye maji alimaliza soko akiwa na deni la baruti ya msimu ujao.

Bridger naye alijaribu upande wa umiliki. Agosti 1830 yeye na wenzake wanne, akiwemo Thomas Fitzpatrick na Milton Sublette, walinunua biashara wakaiita Rocky Mountain Fur Company. Ilikufa 1834. Madeni, ushindani wa kampuni ya Astor, tajiri wa biashara ya ngozi, biva kupungua mtoni, na kofia za hariri zilizoanza kupendwa mijini.

Mzee wa Nyaraka

Mada nzuri. Niingize lile la Hugh Glass, mtegaji mwenzake, kabla halijaletwa na wapenzi wa filamu.

Agosti 1823, karibu na mto Grand, Dakota Kusini ya leo, Glass anararuliwa na dubu jike. Kundi la Andrew Henry, mshirika wa Ashley, linaacha watu wawili wamwangalie mpaka afe wamzike. Wanachukua bunduki yake wanaondoka, naye anajikokota maili kama 200 mpaka Fort Kiowa. Mmoja wa wale wawili ni John Fitzgerald. Wa pili, kijana, ndiye watu husema ni Bridger.

Tuangalie ushahidi. Simulizi ya kwanza kuchapishwa, 1825, haimtaji kijana kwa jina. 1839 linatokea jina "Bridges". Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo mwanahistoria Chittenden anaandika kwamba ni Jim Bridger, kwa maneno aliyoyapata kwa nahodha wa meli za mtoni. Bridger mwenyewe hakuacha neno. Inawezekana ni yeye, alikuwa kwenye kikosi hicho na umri unalingana. Ila aliyeona maandishi ya wakati ule yanayosema "Jim Bridger" ayaweke hapa. Na yule mwana wa Glass anayeuawa kwenye filamu ya 2015 hayumo kwenye maandishi yoyote ya awali.

Kipanga wa Kaskazini

Mzee wa Nyaraka, mimi naona unambeba. Jina "Bridges" kwenye kikosi kile kile, umri ule ule, unataka nini zaidi? Waandishi wa wakati huo walikosea majina kila siku.

Mzee wa Nyaraka

Nataka mtu mmoja aliyekuwepo. Nikipewa huyo nanyamaza.

Binti Hesabu

Wakati mnagombana, kuna jambo lina ushahidi mzuri na watu hulidhani ni chumvi: ncha ya mshale.

Vuli ya 1832, mapambano na kabila la Wablackfeet, Bridger anapigwa mishale miwili mgongoni. Mti wa mshale unatoka, ncha ya chuma inabaki. Anaishi nayo karibu miaka mitatu, anatega, anapanda farasi. Agosti 1835 kwenye soko la Green River anafika daktari mmisionari, Marcus Whitman, akiwa na mchungaji Samuel Parker ambaye aliandika alichokiona. Ncha ilikuwa na urefu wa inchi 3. Ilikuwa imegonga mfupa na kupinda ikawa kama ndoano, na gegedu lilikuwa limeota kuizunguka. Hiyo ndiyo sababu haikuvutika: kila ukivuta, ndoano inashika. Ilibidi Whitman akate gegedu taratibu kwanza, tena bila dawa ya usingizi, kwani matumizi yake hospitalini yalianza 1846. Umati wa wategaji na Wahindi Wekundu umewazunguka. Baada ya hapo foleni ya wagonjwa ikaanza.

Husimuliwa kwamba alipoulizwa vipi jeraha halikuoza, alijibu nyama haiozi milimani. Hilo jibu sina cha kulithibitishia, ila operesheni yenyewe ipo kwenye shajara.

Chuma Chakavu

Na Ziwa la Chumvi? Nimesoma mara kadhaa kwamba ndiye mzungu wa kwanza kuliona.

Kisu Butu

Majira ya baridi ya 1824 kuingia 1825, kambi iko kwenye mto Bear, watu wanabishana mto unaishia wapi, wanawekeana dau. Bridger anatumwa kwenda kuangalia. Inasemekana alitumia mtumbwi wa ngozi: fito zinapindwa kuwa umbo la bakuli, zinafunikwa ngozi mbichi ya nyati wa Marekani, mishono inazibwa kwa mafuta na majivu. Unabeba mzigo mkubwa kwenye maji kidogo, ila unazunguka kama sinia na ukikaa majini muda mrefu ngozi inalainika, lazima uutoe kila jioni uukaushe. Akafika, akaonja maji, akatema, akadhani ni ghuba ya Bahari ya Pasifiki. Kwa mtu ambaye hajawahi kusikia ziwa la chumvi la ukubwa ule, hiyo ni hitimisho ya akili timamu.

Wa kwanza? Étienne Provost alikuwa eneo hilo hilo kipindi hicho, huenda alimtangulia. Na wenyeji Washoshone na Wayuti walikuwa wanaliona kila asubuhi tangu enzi za mababu.

Kipanga wa Kaskazini

Haya, tuje kwenye uongo wenyewe. Huyu mtu alidanganya sana au hakudanganya?

Mzee wa Nyaraka

Alifanya vyote viwili, na wasikilizaji wake walikosea kuchagua.

Chukua mambo aliyoyasema kwa dhati. Alisema iko chemchemi huko juu inayorusha maji ya moto kwa vipindi, kwa kishindo. Luteni Gunnison wa jeshi aliandika maelezo hayo katika kitabu cha 1852, urefu wa futi 70. Ile maarufu ya eneo la Yellowstone huko Wyoming, Old Faithful, inarusha maji futi 106 hadi 185. Kwa maneno mengine, alipunguza. Alisema pia kuna kijito kilichogawanyika juu ya mlima, nusu inaenda Atlantiki na nusu Pasifiki. Wakamcheka. Mahali pale panaitwa Two Ocean Pass, Wyoming. Kijito kinagawanyika katikati ya msitu: tawi moja linaishia mto Yellowstone, Missouri, Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko, jingine linaenda mto Snake, kisha Columbia.

Halafu yapo ya kuchekesha, aliyotunga kwa wageni waliokuwa wanamchosha kwa maswali. Mlima unaorudisha mwangwi baada ya saa 8, hivyo ukilala unapiga kelele "Amkeni!" na alfajiri mlima unakuamsha. Kulungu mkubwa anayepigwa risasi mara kadhaa na hashtuki, kumbe yuko nyuma ya mlima wa kioo, umbali wa maili 25. Hilo lina kokoto ya ukweli: kuna jabali la kioo cha volkano kule, Obsidian Cliff, ila ni jeusi, huwezi kuona upande wa pili. Msitu wa mawe wenye ndege wa mawe wanaoimba nyimbo za mawe: miti iliyogeuka jiwe ipo Yellowstone, lakini utani huo ulikuwa tayari unasimuliwa kwa jina la mtegaji mwingine, Moses Harris. Watu walimbambikia Bridger hadithi za kila mtu.

Ninayoipenda ni ile anayokimbizwa na maadui, anaingia korongo lisilo na njia ya kutokea, wanamzunguka. Ananyamaza. Mgeni anauliza: ikawaje? "Wakaniua."

Binti Hesabu

Hapo kwenye Yellowstone ongezea msafara wa kapteni Raynolds, 1859 hadi 1860, maana ndipo kero ya kutoaminiwa ilipokuwa karibu kuisha. Bridger ni mwongozaji, na yumo mwanajiolojia Ferdinand Hayden. Raynolds alitaka kutoka bonde la Wind River moja kwa moja hadi kwenye vyanzo vya Yellowstone. Bridger alimwambia mapema kwamba ukuta ule wa miamba haupitiki, hata ndege hawezi kuuvuka bila kubeba chakula chake. Wakaenda, wakakuta ukuta. Wakazunguka kupitia Union Pass, wakazamia kwenye theluji ingawa ni mwisho wa Mei. Kusubiri haikuwezekana, kwani amri ilimtaka Raynolds awe kaskazini kushuhudia kupatwa kwa jua 18 Julai 1860. Wakageuka.

Hayden alirudi 1871 na kikosi chake, pamoja na mpiga picha na mchoraji, na Machi 1872 Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa. Bridger wakati huo yuko Missouri, macho yanafifia.

Chuma Chakavu

Upande wa ngome yake, mimi naona ndipo uhunzi wake ulipomlipa. 1843 yeye na Louis Vasquez wanafungua Fort Bridger kwenye Blacks Fork, tawi la mto Green. "Ngome" ni jina tu: nyumba mbili za magogo zenye paa la udongo na ua wa miti ya futi 8. Kwenye barua aliyomwandikisha mtu Desemba 1843 anataja karakana ya uhunzi na akiba ya chuma, na kwamba wahamiaji wanaokuja wana fedha ila wanaishiwa mahitaji. Alikuwa ameona soko.

Kwa nini chuma? Mikokoteni ya mbao ikifika nyanda kavu za juu, magurudumu yanasinyaa na pete za chuma zinalegea. Wengine walipachika vipande vya mti, wengine walilaza gurudumu mtoni usiku, lakini dawa ya kudumu ni kutoa pete, kuifupisha, kuichoma na kuivalisha upya ikiwa moto ili ikipoa ibane. Maksai nao wanahitaji kiatu cha vipande viwili kwa kila mguu, kwa sababu kwato imegawanyika. Biashara nyingine ya njia ile ilikuwa kubadilishana: maksai mmoja aliyepumzika kwa wawili waliochoka. Unawalisha, mwakani unawauza wote wawili.

Kipanga wa Kaskazini

Biashara hiyo hiyo ndiyo iliyomponza na msafara wa Donner, wale wahamiaji waliokuwa wanaelekea California. Tusimpambe.

1844 ilifunguliwa njia ya mkato kaskazini iliyoiruka ngome yake. 1846 Lansford Hastings, mhamasishaji wa wahamiaji wa California, anatangaza mkato wake, na huo unapita Fort Bridger. Msafara wa Donner unafika mwisho wa Julai. Bridger na Vasquez wanawaambia njia ni nzuri, jangwa la chumvi ni maili 40 tu. Lilikuwa 80. Mwandishi wa habari Edwin Bryant aliyetangulia alikuwa ameacha barua pale za kuwaonya wasipite huko na mikokoteni. James Reed, mmoja wa viongozi wa msafara, alisema baadaye barua haikumfikia na aliamini ilifichwa. Kati ya watu 87, karibu nusu walikufa, wengi wao kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada.

Kisu Butu

Hilo ndilo doa kubwa na mimi silifuti. Kwa haki tu: barua za Reed za 31 Julai 1846 ziliwasifu Bridger na Vasquez kuwa wafanyabiashara waungwana, tuhuma zilikuja baada ya maafa. Kufichwa kwa makusudi hakujathibitishwa. Ila mtu anayejua nchi ile kuliko wote akisema maili 40, na duka lake linategemea njia hiyo, lazima aulizwe.

Ngome yenyewe ilimtoka. 1853 Wamormoni, waumini wa madhehebu waliohamia Utah, walimtuhumu kuwauzia Wayuti baruti na pombe, wakatuma askari, akatoroka. Wakadai kuinunua kwa dola 8,000 mwaka 1855, yeye akakana kuuza. 1857 wakaichoma jeshi la serikali lilipokaribia, na aliyekuwa analiongoza jeshi hilo njiani ni Bridger.

Mama Zawadi

Naona wanawake hawajatajwa hata mara moja. Ujuzi wa Bridger wa nchi ulipitia ukwe. Mke wa kwanza alikuwa wa kabila la Flathead, wa pili Myuti, wa tatu Mshoshone, husemwa binti wa chifu Washakie. Kukaa baridi nzima kwenye kambi ya wakwe ndiko kulikompa lugha, njia za kupitia na mahali pa kupata nyasi. Ngozi za biva zilikwanguliwa na nani? Mara nyingi wake hao hao. Binti yake Mary Ann alipelekwa shule ya misheni ya Whitman, yule daktari wa mshale. Misheni ikashambuliwa Novemba 1847 na Wakayuse, surua ikiwa imewaua wengi wao. Binti akachukuliwa mateka na hakuishi muda mrefu.

Binti Hesabu

Asante Mama Zawadi. Na ujuzi huo unaonekana vizuri 1864, wakati wa dhahabu ya Montana. John Bozeman alipitisha watu mashariki ya milima ya Bighorn: nyasi tele, maji tele, na ni ardhi ya kuwindia ya Walakota. Bridger akapitisha misafara yake magharibi ya milima hiyo hiyo, bonde kavu, malisho haba. Njia yake haikuwa na vita. Ya Bozeman ililetewa ngome za jeshi, na 21 Desemba 1866 kapteni Fetterman wa jeshi na wenzake 80 wakauawa karibu na Fort Phil Kearny, ambako Bridger alikuwa mwongozaji na alikuwa ameshaonya maofisa kwamba hawajui vita vya namna ile.

Chuma Chakavu

Swali la mwisho wakuu: Jim Beckwourth, yule mtegaji mweusi, walifanya kazi pamoja?

Kisu Butu

Walikuwa watu wa Ashley wote wawili. Beckwourth alizaliwa utumwani Virginia, mama mtumwa, baba mzungu aliyemwachia huru baadaye. Akajiunga na Ashley 1824, akaishi miaka na kabila la Wakro, na njia ya chini kuliko zote za kuvuka Sierra Nevada kwa mkokoteni, Beckwourth Pass, futi 5,221, ina jina lake. Maisha yake aliyasimulia kwa mwandishi, kitabu kikatoka 1856, na chumvi ya mle ndani ni ya gunia. Nitamfungulia uzi wake, hapa tutamaliza kurasa.